Faili limebadilika, muhuri umeganda

Fungua terminali ya Linux, andika "x" kwenye faili, utazame muhuri wake wa wakati (saa lilipobadilishwa mara ya mwisho) kwa amri ya stat -c %z, kisha andika "y" na utazame tena, amri zote kwenye mstari mmoja. Kwenye seva yangu yenye kerneli (kiini cha Linux) ya zamani kidogo nilipata 10:14:07.336001842 mara zote mbili. Faili limebadilika, muhuri haujasogea hata nanosekunde moja.

Zile tarakimu tisa zinahadaa. Kerneli haisomi saa kamili kila faili linapoandikwa. Huchukua wakati wa mdundo wa mwisho wa saa yake. Midundo ikiwa 250 kwa sekunde, kila hatua ni milisekunde 4, na prosesa ya leo hufanya mengi humo. Mimi nililijua hili kwa uchungu: mashine iliyosoma faili la mipangilio kupitia NFSv3, njia ya kusoma mafaili ya mashine nyingine mtandaoni, iling'ang'ania nakala ya zamani, kwani NFSv3 huamua kwa mihuri hiyohiyo kama nakala iliyojiwekea (kache) bado ni sahihi. Jioni nzima nikawa nalaumu mtandao, masikini.

Basi isomwe saa kamili kila mara? Kuisoma si ghali sana. Ghali ni kwamba muhuri ukibadilika, taarifa za faili nazo lazima ziandikwe diskini.

Jeff Layton, mmoja wa watengenezaji wa kerneli ya Linux, alikuja na hila ninayoipenda: saa kamili itumike pale tu ambapo kuna aliyeutazama muhuri tangu ulipobadilishwa mara ya mwisho. Alama ya "nimetazamwa" imechomekwa kwenye nanosekunde zenyewe, maana 999,999,999 inatosha ndani ya biti 30 na nafasi ni 32.

Jaribio la kwanza liliingizwa kwenye kerneli toleo 6.6 mwaka 2023, likang'olewa kabla toleo halijatoka, kwa sababu mihuri ilikuwa inaweza kurudi nyuma. Tuseme main.c, faili la msimbo, limetazamwa na linapata sekunde .338, kisha main.o, tokeo lake lililokompailiwa na kuandikwa baadaye kwa saa ya midundo, linapata .336. Programu ya make, inayokompaili kila msimbo ulio mpya kuliko tokeo lake, ikiona hivyo inakompaili upya kitu kilichotoka jikoni sasa hivi.

Dawa ilifika na 6.13, Januari 2025: muhuri kamili ukishatolewa unakuwa sakafu, na saa ya midundo hairuhusiwi kutoa wakati ulio chini yake. Mifumo ya mafaili ya XFS, ext4, Btrfs na tmpfs imeshahamia huko. Nimerudia jaribio langu kwenye kerneli mpya: .512003377, halafu .513418260.