"Kukata mwembe nako kunataka utafiti?"

Mteja alikuwa anakunywa chai barazani huku mimi natundika kapi. Nikamdokeza kwamba Marekani kuna TREE Fund, mfuko wa utafiti wa miti, wenye fungu liitwalo Safe Arborist Techniques Fund, linalogharamia uchunguzi wa namna mafundi wanaokwea na kukata miti wanavyofanya kazi. Akacheka. "Fundi, kamba nene na kijana mwenye nguvu, basi." Nimechoka kuisikia hiyo.

Haya, tupige hesabu. Kapi limefungwa chini ya mkato, gogo la kilo 100 linaporomoka mita 2 ndipo kamba ikaze. Kamba ikivutika nusu mita hadi gogo likome, kwa makadirio inabeba kama tani nzima. Kapi, kwa kuwa kamba inaingia huku na kutokea kule, linabeba karibu maradufu: tani 2 kwenye shina lilelile ambalo kijana wako kajifunga mkanda. Na hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Msuguano, fundo na shina kuyumba huyajui mpaka ufunge kipimo kwenye kamba na kuangusha magogo ya kweli, moja baada ya jingine. Kipimo kina bei, na siku za kazi vilevile. Tena mwembe ulioliwa na mchwa hauyumbi kama msonobari wa kwao. Mimi hukata vipande vifupi; wateja hununa kwa sababu kazi inachelewa. Wanune.

Ziko na kauli nyingine ninazozisikia kazini. "Kamba haijawahi kukatika, ni nzima." Kishindo hula nyuzi za ndani usizoziona. Iliyokula kishindo kikubwa ikafungie mbuzi.

"Hajagusa waya." Umeme wa msongo mkubwa huruka hewani, na tawi bichi huupitisha. Gambuti hazikuokoi. TANESCO wazime kwanza.

"Aliyezimia aning'inia kwenye mkanda, akishushwa asilazwe, akalishwe, damu ikirudi ghafla itamuua." Hii naisikia kwa mafundi wenzangu, tena wenye vyeti. Uingereza, mamlaka ya usalama kazini, HSE, iligharamia mapitio ya ushahidi yaliyotoka 2009: hakuna ushahidi wa kumkalisha. Mlaze, hakikisha anapumua, mpe huduma ya kwanza ya kawaida. Mimi nilifundishwa kumkalisha, na vijana wangu wanne wa kwanza niliwafundisha hivyohivyo.