Rekoda na muziki wa leo: dhana zinazonichosha

Mimi hupiga na kufundisha rekoda, ile filimbi ya kusimama yenye mashimo ya vidole. Mtunzi akinitafuta ili nipige kazi yake mpya, au mzazi akimleta mtoto wake kuanza masomo, sentensi ninayoisubiri haichelewi: "Rekoda ina sauti tamu, ila haina kubwa wala ndogo." Nimeisikia kwa wapiga piano, kwa viongozi wa kwaya, hata kwa watu waliosomea muziki chuoni. Zipo dhana nyingine, nitazipitia, lakini hii ndiyo inayowafanya watunzi wazuri waiandikie rekoda noti za kitoto, kisha walalamike kwamba kazi imepooza.

"Rekoda haiwezi kubadilisha ukubwa wa sauti."

Dhana hii ina ukweli nusu ndani yake, ndiyo maana haifi. Ukipuliza rekoda kwa nguvu, noti inakuwa kubwa na papo hapo inapanda. Ukipunguza pumzi, inashuka. Mpigaji wa fluti husahihisha kwa midomo: anaufinya mkondo wa hewa, anauelekeza juu au chini. Kwenye rekoda njia ya hewa imechongwa ndani ya kichwa cha ala, na midomo yako haina la kuifanya. Pumzi ikienda kasi, inaufikia mapema ule ukingo mkali unaoikata, na noti inapanda. Anayejaribu mara moja anasikia tyuni, yaani usahihi wa noti, imeharibika, anashtuka, anarudi kwenye pumzi ileile isiyobadilika, halafu anaenda kuwatangazia wenzake kwamba ala haiwezi.

Inaweza, na kazi hiyo hufanywa na vidole. Chukua soprano, rekoda ndogo ya sauti ya juu, ziba shimo la gumba na mashimo matatu ya mkono wa kushoto, upate noti ya G. Weka mbele yako tyuna, kile kifaa chenye mshale unaoonyesha noti ikipanda au ikishuka. Sasa punguza pumzi polepole, mshale utaanza kushuka. Wakati unashuka, telezesha kidole cha pete kwa pembeni, kidogo sana, shimo livujishe hewa. Noti itarudi mahali pake huku sauti ikiwa imebaki ndogo. Kisha fanya kinyume: ongeza pumzi, uache mshale upande, halafu shusha kidole kimojawapo cha mkono wa kulia juu ya shimo lake. Kipi? Jaribu kimoja kimoja hadi ukipate kinachoishusha noti kwa kiasi unachotaka, maana kila ala ina tabia yake. Ukifanikiwa, utakuwa na G kubwa iliyo kwenye tyuni, na G ndogo iliyo kwenye tyuni, kutoka kwenye bomba ambalo watu wanaapa kwamba lina sauti moja.

Karibu kila noti ya rekoda ina vidole mbadala vya namna hii: vya sauti nzito, vya sauti ya kunong'ona, vya sauti yenye giza, vya sauti yenye ncha kali. Mpigaji rekoda Michael Vetter alivikusanya kwa wingi katika kitabu chake cha mwaka 1969, *Il flauto dolce ed acerbo*, na Walter van Hauwe akaja kuvifanya sehemu ya masomo ya kawaida katika juzuu tatu za *The Modern Recorder Player*. Kwa hiyo hizi si siri za mafundi wachache. Zimechapishwa, zinafundishwa, na mwanafunzi mwenye subira anazipata.

Wanafunzi wangu wanaujua wimbo wangu: noti ndefu na tyuna kabla ya kitu kingine chochote, kila siku. Noti ianze ndogo, ikue, irudi kuwa ndogo, na mshale ukae palepale. Mpaka hilo liwezekane, sitaki kusikia vibrato, yaani noti inayotetemeshwa. Wengi hutikisa pumzi ili kuficha kwamba noti haijakaa, na sikio la msikilizaji halidanganyiki kwa muda mrefu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kile watu wanachokiita udhaifu wa rekoda, yaani wepesi wake wa kuyumba pumzi inapoguswa kidogo tu, ndicho kilichowavutia watunzi wa miaka ya 1960. Uholanzi kulikuwa na Frans Brüggen, aliyeipiga rekoda kwa namna iliyowafanya watunzi waisikilize upya. Rob du Bois alimwandikia kazi ya alto, rekoda kubwa kidogo kuliko soprano, mwaka 1961, Louis Andriessen akaandika *Sweet* mwaka 1964, na mwaka 1966 Luciano Berio akaandika *Gesti*. Katika *Gesti* vidole na mdomo vimetenganishwa. Vidole vinapita katika kipande cha muziki wa zamani, huku mdomo ukifuata maagizo yake mwenyewe ya kukaza na kulegeza. Kidole kinasema noti fulani, pumzi haitoshi kuitoa, kinachotoka ni mnong'ono, au mluzi wa juu kabisa, au noti iliyopasuka katikati. Berio aliyaona matokeo hayo kuwa muziki, akayajengea kazi nzima. Ala iliyo ngumu kuyumbisha isingempa alichokitaka.

Msikilize pia mtunzi Ryohei Hirose katika *Meditation* ya mwaka 1975, kazi ya alto peke yake. Ameitazama shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Japani, ambamo mvumo wa pumzi ni sehemu ya noti. Noti moja inazaliwa kama upepo, inajaa, inatetemeka, inapaa hadi kwenye kilio, inarudi kuwa upepo. Aliyekaa akaisikiliza hadi mwisho hawezi tena kuniambia habari za sauti isiyo na kubwa wala ndogo.

"Muziki wa kisasa wa rekoda ni kelele ambazo mtu yeyote anaweza kuzitoa."

Jaribu. Maltifoniki, yaani noti mbili au tatu kwa pumzi moja, inataka mpangilio maalumu wa vidole na pumzi iliyopimwa. Ukizidisha kidogo inabaki noti moja ya juu, ukipunguza inabaki ya chini. Kuimba huku unapuliza kunataka uishike sauti yako na ya ala bila moja kuivuta nyingine. Katika *Black Intention* ya Maki Ishii, ya mwaka 1975, mpigaji mmoja anapiga rekoda mbili kwa wakati mmoja, anapaza sauti yake mwenyewe, na anagonga tam-tam, yaani upatu mkubwa. Kuna ghadhabu kubwa katika kazi ile, na kila tukio limeandikwa. Anayeipiga kwa kubahatisha anajulikana tangu ukurasa wa kwanza.

"Haisikiki kwenye ukumbi mkubwa."

Hapa nakubali kwa sehemu. Okestra zilipokua katika karne ya 18, rekoda ilizidiwa, fluti ikachukua nafasi. Lakini mtunzi anayejua kazi yake huiachia nafasi. Kazimierz Serocki aliandika *Concerto alla cadenza* ya rekoda na okestra mwaka 1974, na Malcolm Arnold akamwandikia mpigaji rekoda Michala Petri konseto, kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra, mwaka 1988.

Halafu ipo maikrofoni, na sioni aibu yoyote kuitumia. Rekoda za Paetzold, zile kubwa za mbao zenye umbo la mraba na vitufe, zimekuwa chombo kamili cha muziki wa kielektroniki. Ukiikuza kontrabesi, ile ya sauti nzito sana, kwa spika, unasikia pumzi ikizunguka ndani ya sanduku, vitufe vinagonga kama ngoma, na chini kabisa kuna mngurumo ambao hakuna anayeutarajia kutoka kwa filimbi. Fausto Romitelli aliandika *Seascape* mwaka 1994 kwa ala hiyo ikiwa imekuzwa, na pumzi ya mpigaji ndiyo inayobeba kazi yote.

Ombi kwa mafundi mitambo: msiielekeze maikrofoni kwenye tundu la chini. Sauti ya rekoda hutoka zaidi kwenye dirisha lililo karibu na mdomo, na kwenye mashimo yaliyo wazi. Nimepiga maonyesho ambayo ukumbi ulisikia vidole vyangu vizuri na noti zangu kwa mbali, kwa sababu fundi aliichukulia kama klarineti.

"Ni ala ya zamani iliyofufuliwa kwa ajili ya muziki wa zamani."

Fundi wa ala Arnold Dolmetsch alianza kuzitengeneza upya Uingereza mwaka 1919 kwa ajili ya muziki wa zamani, hilo ni kweli. Ila mwaka 1932 mtunzi Paul Hindemith alikuwa tayari ameandika trio mpya ya rekoda. Tangu hapo mafundi wameendelea kuibadilisha ala yenyewe: kuna alto na teno zenye bomba refu zaidi na vitufe, zilizobuniwa ziwe na noti za chini zenye nguvu na oktava za juu zinazotoka kwa urahisi.

"Ya plastiki ni kitu cha watoto kuchezea."

Plastiki nzuri ina tyuni safi kuliko mbao mbovu, na mwanafunzi anaweza kuitumia kwa muda mrefu bila aibu. Kasoro yake ni kwamba unyevu huganda upesi kwenye njia ya hewa, hasa ukiimba huku unapuliza. Ipashe joto mwilini kabla ya kuanza. Ninachokikataa ni ile yenye vidole vya Kijerumani, yaani iliyobadilishwa mpangilio wa vidole: inarahisisha noti moja ya mwanzo na kuvuruga nyingine nyingi mbele ya safari.

"Mbinu za kisasa zitapasua ala yangu."

Kuimba ndani yake, kuunguruma kwa ulimi, kugonga mashimo kwa vidole, hakuna kinachopasua mbao. Kinachopasua ni kuipiga rekoda mpya kwa saa nyingi kabla haijazoea unyevu, na kuiacha juani au kwenye gari lenye joto. Ikaushe kila ukimaliza.

Na kwa watunzi, ambao ndio wengi wanaoniuliza haya. Kumbukeni kwamba soprano na besi husikika oktava moja juu ya zilivyoandikwa. Msiiamini sauti ya rekoda iliyo kwenye programu ya kuandikia noti, kwa sababu inapanda kutoka ndogo hadi kubwa bila kuyumba na haina pumzi inayokwisha. Maltifoniki mnayoitaka ichoreni kwa vidole vyake, shimo kwa shimo, na mtaje ala mliyoijaribia imetengenezwa na nani. Vidole vilevile kwenye alto ya fundi mwingine vinaweza kutoa noti nyingine kabisa, na mpigaji atabaki akikisia mlichokusudia.