Embago ya uhakiki wa gemu si hongo

Gemu kubwa ikikaribia kutoka, tovuti nyingi huchapisha uhakiki wake siku moja, saa ile ile. Hapo hapo hujitokeza watu wakisema: si mnaona, kuna embago, wahakiki wameshanunuliwa. Limesemwa hivyo mara nyingi mno hata wapo wanaoamini kabisa kuwa embago ni aina ya rushwa.

Embago ni makubaliano kuhusu tarehe. Mchapishaji humpa mhakiki nakala kabla ya siku ya mauzo, na mhakiki huahidi kutotoa maoni yake mpaka saa iliyopangwa ifike. Haimpangii la kusema. Tena inamfaa msomaji: bila tarehe ya pamoja kila tovuti ingekimbilia kuwa ya kwanza, na gemu ndefu ingehukumiwa na mtu aliyecheza mwanzo wake tu.

Hongo ina sura yake, na inajulikana. Mwaka 2014 Warner Bros., kupitia kampuni ya matangazo, iliwalipa watu maarufu wa YouTube, PewDiePie akiwemo, ili waitangaze gemu yake, Middle-earth: Shadow of Mordor. Malipo yalianzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu. Walitakiwa waisifu gemu na wasionyeshe hitilafu zake. Taarifa ya udhamini ilielekezwa iwekwe kwenye maelezo yaliyo chini ya video, mahali ambapo watazamaji wengi hawafiki. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliifungulia Warner Bros. shauri, na mwaka 2016 wakafikia suluhu. Pale fedha zilitolewa na maneno yakaagizwa. Kuita jambo hilo embago ni kulipunguzia uzito.

Lipo pia shinikizo la watangazaji, nalo ni jambo la tatu. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya gemu ya GameSpot, aliipa gemu ya Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, huku tovuti yake imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo hiyo. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, alithibitisha kwamba watangazaji walikuwa wamewabana wakubwa wake kuhusu alama za namna hiyo. Uhakiki wake lakini ulikuwa umeshachapishwa, na ulikuwa wa kweli. Aliyeumia ni mwandishi.

Sasa, embago yenyewe inaweza kutumiwa vibaya, na hapa ndipo hasira za wachezaji zingefanya kazi kama zingeelekezwa vizuri. Njia ya kwanza ni tarehe. Assassin's Creed Unity ilipotoka Novemba 2014, wahakiki walizuiwa mpaka saa sita mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani, ilhali gemu ilikuwa imeanza kuuzwa huko tangu usiku wa manane. Kwa nusu siku watu walinunua bila kuonywa, na walichokikuta ni gemu iliyojaa hitilafu kiasi kwamba mchapishaji wake, Ubisoft, ililazimika kuomba radhi.

Njia ya pili ni masharti yanayofungwa pamoja na nakala, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa sababu tarehe haiwezi kuifichua. Embago ya Cyberpunk 2077 iliisha tarehe 7 Desemba 2020, siku tatu kabla ya mauzo. Kwa kuangalia kalenda tu ungesema mchapishaji hana cha kuficha. Kumbe nakala zilizotolewa mapema zilikuwa za kompyuta peke yake, na wahakiki hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Walitumia zile za CD Projekt, kampuni iliyoitengeneza gemu. Gemu ilipofika kwenye PlayStation 4 na Xbox One ilikuwa mbovu hivi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la PlayStation baada ya wiki moja, isirudi mpaka Juni 2021. Wahakiki wale hawakusema uongo. Walieleza walichocheza, na baadhi yao walitaja masharti hayo waziwazi ndani ya uhakiki. Mnunuzi mwenye PlayStation 4 alisoma alama ya juu, akaruka aya iliyotaja masharti.

Kwa hiyo utakapoona tena uhakiki mwingi umetoka saa ile ile, usianze na neno hongo. Angalia kwanza embago imeisha kabla ya mauzo au baada. Kisha tafuta katika uhakiki wenyewe: gemu imechezwa kwenye mashine gani, na video zinazoonyeshwa zimerekodiwa na nani. Mhakiki asiyeyataja hayo aulizwe moja kwa moja kuhusu masharti aliyoyakubali.