"Madhara" ya upasuaji wa bawasiri

Matatizo ya baada ya upasuaji wa bawasiri ni hali zinazotoka nje ya mwendo wa kawaida wa kupona na zinazomlazimu mgonjwa arudi kwa daktari. Maana yenyewe ni hiyo. Huku kwetu Mtwara, hata hivyo, kila kinachomsumbua aliyefanyiwa operesheni hiyo huitwa "madhara", na nimelisikia neno hilo mara nyingi mno kwenye daladala za Mikindani.

Madhara limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupatia pia kudhuru na dharura. Anayesema fulani "amepata madhara" anasema, atake asitake, kwamba mtu huyo amedhuriwa, na msikilizaji anayeficha bawasiri yake huzidi kuahirisha matibabu. Kumbe kinachosimuliwa mara nyingi ni maumivu tu. Kidonda cha operesheni hiyo aghalabu huachwa wazi bila kushonwa, kikajifunga chenyewe kwa majuma kadhaa, na choo cha siku za mwanzo huuma sana. Shemeji yangu, mkulima wa korosho, alikaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni kwa majuma matatu, na kila alipokwenda chooni aliuma upindo wa kikoi asipige kelele. Waliokuja kumjulia hali waliondoka wakisema ameharibiwa, ilhali alikuwa anapona.

Matatizo hasa ni mengine: kushindwa kukojoa siku ya kwanza, homa yenye usaha, kushindwa kuzuia choo au hewa, na njia ya haja kubwa kuwa nyembamba baadaye kwa sababu ya kovu. Linaloniumiza zaidi ni damu. Matone machache wakati wa choo hutarajiwa, lakini damu nyingi au yenye mabonge, ambayo huweza kuanza ghafla hata siku ya 7 hadi ya 10, wakati mgonjwa ameshaanza kutembea, watu hao hao huiita "madhara ya kawaida" na kusubiri kukuche. Hapo neno linalofaa ni lile ndugu yake, dharura.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mgonjwa akilalamika tuseme kidonda kinamuuma, kisha tumuulize ni siku ya ngapi, amekojoa, na damu inatoka kiasi gani.