Kampala na Vitongoji Vyake: Dhana Potofu Zinazomharibia Mgeni Safari

Wageni wengi kutoka Nairobi, Mwanza au Goma huifanya Kampala kuwa mahali pa kulala usiku mmoja kabla ya kuelekea Bwindi kuona gorila. Hata wanaobaki siku mbili huzunguka na picha ya makumbusho kichwani: unalipa, unaingia, unapiga picha, unatoka. Hapo ndipo wanapokosea. Maeneo ya kihistoria ya Kampala bado yana wenyewe, na wenyewe wako kazini. Ukilielewa hilo, dhana nyingi zilizotajwa hapa chini zitajirekebisha zenyewe.

"Makaburi ya Kasubi yaliungua, hakuna tena cha kuona"

Moto wa usiku wa 16 Machi 2010 uliteketeza nyumba kuu ya makaburi haya ya wafalme wa Buganda, Muzibu Azaala Mpanga. Nyumba moja. Eneo lote la Kasubi ni zaidi ya hekta 26, na ndani yake mna lango la Bujjabukula lililoezekwa kwa nyasi, nyumba ya ngoma za kifalme, nyumba za wanawake wanaolitunza eneo kwa zamu, na mashamba. Nyumba kuu imejengwa upya, na Septemba 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambamo iliwekwa mwaka ule ule wa moto.

Ukiingia, inua macho kwanza. Paa la duara linashuka karibu kugusa ardhi, na kwa ndani limebebwa na pete 52 zilizosukwa, pana chini na finyu kadiri zinavyopanda. Kila pete ni ukoo mmoja wa Buganda. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Fundi wa ukoo mwingine hapandi juu ya paa hilo hata awe hodari namna gani. Chini hutandikwa mchaichai na mikeka, kwa hiyo harufu inayokupokea ni ya majani mabichi.

Mbele yako litakuwepo pazia la lubugo, kitambaa chenye rangi nyekundu ya udongo kinachotokana na gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao hadi linapanuka na kulainika. Wageni huuliza makaburi yako wapi, wayapige picha. Nyuma ya pazia hilo panaitwa kibira, msitu. Kwa desturi ya Waganda husemi Kabaka, yaani mfalme, amekufa; ameiachia ngao, ameingia msituni. Hakuna mtu wa nje anayepita pazia, na ukimwomba mwongozaji akufunulie kidogo tu, umemtusi bila kujua.

Vua viatu mlangoni. Mwanamke avae gomesi, vazi refu la Kiganda, au ajifunge kanga hadi chini ya magoti. Suruali peke yake haikubaliki. Ukikaa, kunja miguu. Kamera iulizie kabla hujaitoa mfukoni.

Na si kweli kwamba wafalme wote wa Buganda wako Kasubi. Wako wanne: Muteesa I, aliyejenga ikulu yake hapo mwaka 1882, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. Kabla ya Muteesa I, taya la mfalme lilitenganishwa na mwili likahifadhiwa katika nyumba yake lenyewe, na kila mfalme alikuwa na masiro yake, yaani makaburi ya kifalme. Baba yake Muteesa I, Ssuuna II, yuko Wamala, mbele kidogo kwenye barabara ya Hoima ipitayo Kasubi. Wamala hapana msongamano. Mwenye muda wa asubuhi nzima aunganishe yote mawili.

"Kampala imejengwa juu ya vilima saba"

Ilikuwa hivyo zamani: Mengo, Rubaga, Namirembe, Old Kampala na Kibuli vilikuwa miongoni mwa vilima hivyo. Mji wa leo umevifunika vilima zaidi ya ishirini. Hata hivyo orodha ya zamani inafaa kwa kupanga matembezi, maana Old Kampala, Namirembe, Mengo na Rubaga vimekaribiana, na mtu mwenye viatu vizuri anavimaliza kwa miguu siku moja. Anzia msikiti wa taifa pale Old Kampala, kisha panda mnara asubuhi kabla ukungu wa moshi haujatanda juu ya mji. Ngazi zinazidi 250, na hakuna pahali pengine utakapouona mpangilio wa vilima vyote kwa mtazamo mmoja. Wanawake huazimwa mtandio na kanga pale pale. Ijumaa mchana usiende kutembea. Ni wakati wa swala.

"Kabaka anaishi Lubiri, na ukilipa unaingizwa ikulu"

Lubiri, ikulu ya Mengo, ilianzishwa na Mwanga II mwaka 1885. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote liliishambulia. Muteesa II akatoroka, akafia London mwaka 1969. Kabaka wa sasa makazi yake makuu ni Banda. Jengo la ikulu lenyewe, Twekobe, unalitazama kwa nje tu. Kinachofunguliwa kwa wageni ni uwanja pamoja na handaki la zege lililogeuzwa jela ya mateso wakati wa Amin. Kwenye kuta zake bado pana maandishi ya mkaa ya waliofungwa mle. Punguza sauti ukiingia. Kampala pana familia zilizopoteza watu humo.

Kutoka Lubiri hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, barabara ya Kabaka Anjagala imenyooka kama uzi. Katikati pana mzunguko wa magari wenye kijia kilichokatiza moja kwa moja, kikafungwa kwa geti. Hicho ni cha Kabaka peke yake. Sisi wengine tunazunguka.

"Mashahidi wote waliuawa Namugongo siku moja"

Hawa ni Wakristo waliouawa kwa amri ya Mwanga II. Wengi walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, lakini Yosefu Balikuddembe aliuawa Nakivubo Novemba 1885, na wengine waliuawa Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886. Kati ya 45 wanaotajwa, 22 ni Wakatoliki na 23 ni Waanglikana, ndiyo maana Namugongo pana mahali patakatifu pawili tofauti. Mwambie boda unakwenda kupi, la sivyo atakushusha kusiko. Kama hukuja kuhiji, epuka wiki ya mwanzo wa Juni, kwani mahujaji hufika kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na barabara hufurika.

"Pale Kayabwe maji huzunguka kulia upande mmoja wa ikweta na kushoto upande wa pili"

Kayabwe iko kilomita 75 hivi kutoka Kampala, barabara ya Masaka. Kuna duara mbili nyeupe za zege, na kijana mwenye mabeseni matatu: moja kaskazini, moja kusini, moja juu ya mstari. Anamimina maji, anadondosha ua, na ua linazunguka kama alivyosema.

Ua linazunguka kweli, ila dunia haihusiki. Nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ile inayogeuza dhoruba kubwa, kwenye ikweta ni sifuri. Hatua kumi kaskazini au kusini bado ni karibu na sifuri, haiwezi kusukuma maji ya beseni. Kinachoamua ni mkono: maji yakimiminwa kutoka upande wa kulia wa beseni huanza kuzunguka upande mmoja, yakimiminwa kutoka kushoto hugeuka. Mwombe kwa adabu amimine tena, beseni lile lile, ila kutoka upande wa pili. Utaona mwenyewe. Mlipe vile vile. Ni kazi yake.

Cha ajabu cha kweli pale ni kivuli. Karibu na 20 Machi na 22 Septemba jua hupita juu ya utosi, na mtu aliyesimama wima hubaki karibu bila kivuli. Saa sita juu ya alama ni mapema mno, kwa sababu saa za Uganda zimetangulia jua. Machi subiri karibu saa saba, Septemba saa saba kasorobo. Njiani simama Mpambire uwaone mafundi wakiwamba ngoma kwa ngozi ya ng'ombe.

"Kampala hawasemi Kiswahili"

Wanakielewa wengi kuliko wanavyokubali. Kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na wazee wanakumbuka askari waliokitumia kuwaamrisha. Anza na "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, salimia, ndipo uombe msaada kwa Kiswahili. Ujue pia kwamba "taksi" hapa ni ile matatu au daladala yako. Gari la kukodi peke yako ni "speshali".

"Jinja utaona maporomoko"

Maporomoko ya Ripon kwenye mto Nile, aliyoyafikia mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali nayo yalifunikwa na bwawa jingine mwanzoni mwa miaka ya 2010. Anayetaka maji yanayonguruma aende Itanda, chini zaidi mtoni.

"Mabamba kuna mamba"

Hii huwapata Waswahili peke yao. Kwenye kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya ghuba kutoka Entebbe, watu huenda kwa mtumbwi alfajiri kumtafuta bbulwe, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Yeye husimama kimya muda mrefu akivizia, basi mwambie mpiga kasia asikaribie sana. Mvuvi atakuambia ndege huyo anakula emmamba, na mgeni hurudisha mkono ndani ya mtumbwi haraka. Emmamba kwa Kiganda ni kamongo, samaki anayeishi matopeni. Mamba wako wewe wao humwita ggoonya.