Vidole Vyepesi Havitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Gemu za Mapigano Nairobi

Ukiingia sehemu ya PlayStation mtaani, iwe Umoja au Kawangware, utakuta TV karibu zote ziko kwenye soka. Ile moja ya pembeni yenye Tekken au Mortal Kombat ndiyo yenye kelele zaidi na ushauri mwingi wa bure. Kila aliyesimama nyuma ya kiti ni kocha. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ushauri huo humfanya mchezaji mpya abaki palepale, hata akilipia gemu kila jioni.

"Mwenye vidole vyepesi ndiye hushinda"

Imani hii ina nguvu tangu enzi za Tekken 3, iliyofika PlayStation mwaka 1998 na kutuletea Eddy Gordo, Mbrazili wa capoeira. Mtu yeyote angemchukua Eddy, afinyefinye vitufe vya mateke bila mpango wowote, na amtoe jasho mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima. Kesi ikafungwa hapo: finya haraka, ushinde.

Ukweli ni kwamba Eddy yule alikuwa akiwapiga watu wasiojua kujikinga. Tekken ina mapigo ya juu, ya kati na ya chini. La juu humpita aliyechuchumaa. La kati humpata aliyechuchumaa. La chini lazima uchuchumae ndipo ulizuie, na mengi ya kufagia yakizuiwa humwacha mpigaji wazi kwa muda wa kutosha kumrudishia. Ukishajua mfuatano fulani wa Eddy unamalizikia chini, unamngoja pale mwisho, unazuia, unamwadhibu. Akirudia mara tatu na kuadhibiwa mara tatu, vidole vyenyewe vitaanza kusita.

Kuna hesabu pia. Gemu hizi huenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kila sekunde. Ngumi nyepesi ya Ryu, mhusika wa Street Fighter 6, hufika kwa fremu 4, na ngumi ya haraka ya wahusika wengi wa Tekken hufika kwa fremu 10. Binadamu wa kawaida huhitaji takriban robo sekunde kuona kitu na kukijibu, yaani fremu 15 hivi. Kwa hiyo hakuna anayeiona ngumi hiyo ikija ndipo aizuie, hata bingwa wa dunia. Aliyeizuia alikuwa ameshajikinga kabla haijatoka. Kuruka ni jambo tofauti kabisa: mruko wa Street Fighter 6 huchukua zaidi ya fremu 40, na hiyo unaiona wazi. Ndiyo maana anayeanza hupewa kazi moja ya kuchosha: mtu akiruka, mwangushe. Usiwaze kingine kwa wiki kadhaa. Misingi ndiyo hiyo, kuchagua cha kutazama na kuacha yale ambayo macho hayawezi kuyafikia.

Ukitaka kujua kama mtu ana misingi, tazama anachofanya wakati hafinyi chochote. Je, anasimama umbali ambao teke la mwenzake linakosa kwa inchi chache? Je, analipa kila pigo lililokwenda hewani? Wengi tunaowaita wepesi ni watu watulivu waliosimama mahali pazuri.

"Kwanza nimeze kombo ndefu"

Kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mwenzako kupata nafasi ya kujikinga, ni tamu kutazama, sikatai. Lakini zilipoonekana katika Street Fighter II mwaka 1991 hazikuwa sehemu ya mpango wa watengenezaji. Ziligunduliwa gemu ikiwa bado inaundwa, zikaachwa humo. Hadi leo kombo huanza na pigo moja lililopata, na pigo hilo la kwanza ndilo gumu kulipata mbele ya mtu anayejikinga. Isitoshe, kadiri kombo inavyorefuka ndivyo kila pigo linavyopunguziwa nguvu. Kombo fupi unayoifanya bila kukosea, hata mikono ikitetemeka, ina faida kuliko ile ya mapigo kumi na tano unayoipata chumbani peke yako.

Watu hupenda kunionyesha video ya mwaka 2004 ya Evo, mashindano makubwa ya dunia ya gemu za mapigano: Mjapani Daigo Umehara akiwa na damu (uhai wa mhusika wake) kidogo mno, Mmarekani Justin Wong akimrushia mateke 15 ya mhusika wake Chun-Li, na Daigo akiyapangua yote. "Ona vidole!" Mimi naona kitu kingine. Daigo alijua kwamba kwa damu ile hata pigo lililozuiwa kawaida lingemmaliza, kwa hiyo alijua Wong angejaribu nini, akasimama mahali pa kulingojea shambulio hilo. Vidole vilikuja baadaye. Na wachache hukumbuka kwamba ushindi ule haukumpa taji. Fainali yenyewe Daigo alishindwa.

"Bila kifaa cha bei huwezi"

Mwaka 2014 Mfaransa anayeitwa Luffy alishinda Evo kwenye Ultra Street Fighter IV akitumia padi ya PlayStation ya kwanza kabisa. Ile ya kijivu. Hakuna la kuongeza.

Labda hili tu: mtindo wa Modern wa Street Fighter 6, unaotoa mapigo maalumu kwa kitufe kimoja, wengine huuita udanganyifu. Watengenezaji wameshautoza ushuru, kwa sababu pigo maalumu la njia ya mkato hubaki na asilimia 80 ya nguvu. Ukipigwa nalo, umepigwa.

"Nikiongeza bando, lagi itaisha"

Hapa, kwenye lagi, ule uchelewaji wa mechi za mtandaoni, pesa nyingi hupotea. Gemu ya mapigano hutuma data kidogo sana, kimsingi vitufe mlivyofinya. Kuhama kutoka Mbps 10 hadi 40 hakuisogezi Ulaya karibu na Rongai. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,800. Kwenda na kurudi ni milisekunde 68 hivi, sawa na fremu 4, na hapo tumechukulia waya umenyooka, wakati ule halisi hushuka Mombasa kwanza ndipo uingie baharini. Ngumi nzima ya Ryu imeshaliwa na safari.

Mfumo wa rolibaki hupunguza maumivu kwa kubashiri utakachofinya na kujirekebisha pale mfumo unapobashiri vibaya. Aliyeueneza kwenye gemu za mapigano kupitia programu yake ya GGPO ni Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, jambo linaloeleza kwa nini unafanya kazi vizuri: mwenyewe alikuwa mchezaji aliyechoka na lagi. Lakini umbali haufutiki. Cheza na watu wa Nairobi hii hii, na uunganishe waya badala ya Wi-Fi, maana data inayopotea njiani hukera kuliko inayochelewa kwa utaratibu.

"Sisi kwa sisi hatutafika popote"

Arslan Siddique, maarufu kama Arslan Ash, alitoka Lahore akashinda Evo Japan mnamo Februari 2019, kisha Evo ya Las Vegas Agosti mwaka huohuo, zote kwenye Tekken 7. Dunia ilikuwa haimjui. Alikuwa amekulia kwenye kumbi za gemu za Pakistan, akipigana na majirani zake, na baadaye Knee wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa Tekken, alisafiri kwenda kucheza nao kwao. Kilichowajenga ni kwamba walikuwa wengi mahali pamoja na waliambiana siri. Hapa kwetu mtu akigundua namna ya kumwadhibu Kazuya, mhusika wa Tekken, huificha kama PIN ya M-Pesa, na hilo ndilo linaloturudisha nyuma kuliko viza na nauli.

Na anayesema gemu hizi ni za wavulana amwangalie Sylvia Gathoni, Queen Arrow, wa hapa Nairobi: Tekken ndiyo iliyomfanya Mkenya wa kwanza wa kike katika gemu za mashindano kusajiliwa na timu ya kimataifa.

"Nitaenda mashindanoni nikishaiva"

Hutaiva. Chumbani unapigana na kompyuta na binamu yako, na wote wawili umeshawazoea. Mashindano mengi ya gemu hizi hukutoa baada ya kushindwa mara mbili, si mara moja, kwa hiyo hata ukifanya vibaya kabisa una mechi mbili na watu usiowajua. Kabla na baada kuna mechi za kirafiki, na kwa maoni yangu hizo ndizo thamani halisi ya kiingilio chako.

Ukipigwa, mfuate aliyekupiga. "Buda, ile ya chini uliyonimaliza nayo naizuiaje?" Wengi watakuonyesha papo hapo, na wengine watakuambia ni kitufe gani unachokifinya ukiogopa. Ukiwa na Tekken 8 nyumbani, fungua marudio ya mechi zako: gemu hiyo inakuruhusu kuishika mechi katikati na kujaribu jibu jingine mahali palepale ulipopigwa. Kwenye mazoezi, rekodi lile teke lililokutoa, liache lirudiwe, uzuie na kurudisha hadi mkono uzoee. Pigo moja kwa wiki linatosha.

Nenda na padi yako na waya wake. Ukimaliza mechi, tenganisha Bluetooth kabla ya kuinuka, kwa sababu padi inayojiunganisha tena inaweza kusimamisha mechi ya wengine, na kwa kawaida anayesimamisha gemu hupoteza raundi. Waandalizi hawatajali kwamba ulikuwa umekaa nje unakula smokie.