Nafsineni: nani hasa anaongea kwenye wimbo?

Nafsineni ni ile sauti inayosema "mimi" ndani ya shairi au wimbo, na si lazima awe mtunzi wala anayeimba. Yaani mtu anaimba kaachwa wakati ye mwenyewe hajaachwa na yeyote, kamvaa tu mtu aliyeachwa, basi huyo aliyevaliwa ndo nafsineni, na anayeambiwa maneno ni nafsinenewa. Waliosoma sekondari Kenya wanalijua swali hili kwenye mtihani, unataja nafsineni unapata alama yako unakimbilia vina na mizani, ila mi naona utamu wote uko hapo hapo.

Chukua wimbo wa Kijiti wa Siti binti Saad, yule mama wa taarabu wa Unguja aliyeenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Ni habari ya mauaji ya kweli, mwanamke mgeni kachukuliwa na mwanaume, ndo huyo Kijiti, kanyweshwa pombe, kauawa. Unaanza hivi:

Tazameni tazameni, alivyofanya Kijiti
Kumchukua mgeni, kumchezesha foliti

Anayeongea hapo ni kama jirani anaita watu, "tazameni" ni wengi, na mgeni yuko mbali, anasimuliwa tu, "kumchukua". Sasa sogea mbele unakuta "Kijiti alinambia, ondoka mama twenende". Simama kidogo. Kamwambia nani? Kaniambia mimi, na mimi huyo ni marehemu! Aliyekuwa anasemwa sasa anasema mwenyewe, anajutia kwa nini alikubali kwenda, halafu anamgeukia muuaji, "unaniua", kwa hiyo hata nafsinenewa kahama, kutoka watu wote hadi mtu mmoja. Na hakuna mahali umetangaziwa kwamba anaongea mwingine, mizani ni zilezile nane kwa nane, mwimbaji ni yuleyule, kilichobadilika ni kiambishi tu. Tulipousoma darasani chuoni bila muziki, kwa sauti, taratibu, darasa zima lilinyamaza. Siti alikuwa hai anaimba, sasa utasemaje nafsineni ni Siti?

Bongo Fleva nayo hivyo hivyo. Kwenye Ndiyo Mzee ya Profesa Jay, ya 2001, nafsineni ni mwanasiasa anayeomba kura anamwaga ahadi, na nafsinenewa ni umati unaoitikia "ndiyo mzee". Sasa kwa vile Jay mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015 kuna watu wanachanganya, wanazisikia zile ahadi kama za kwake, na ukishazisikia hivyo kejeli yote imekupita, maana wimbo unamsema huyo huyo anayeongea, pamoja na wale wanaomuitikia bila kuuliza.

Ila taarabu ina kitu ambacho kwenye karatasi hukioni. Nenda kwenye shughuli, wimbo unapigwa, mwanamke anainuka na noti yake anaenda kumtunza mwimbaji, hana haraka, anacheza kidogo, anarudia maneno kwa mdomo huku kamkazia macho mtu mmoja kwenye viti vya nyuma. Pale nafsineni ni yeye. Maneno kayachukua yamekuwa yake, mwimbaji kabaki kumsaidia sauti, na yule wa kiti cha nyuma anajua kabisa nafsinenewa ni nani.